Ndege wa Malagarasi tutaendelea kuwaona kwenye simu mpaka lini?

Mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Kigoma mjini, gazeti nikilipata nalisoma lote mpaka matangazo ya zabuni, ila kuandika barua ndo mara yangu ya kwanza kwa hiyo nivumilie ikiwa ndefu. Nataka kuongelea ndege. Sio ndege za kule uwanjani, hapana, naongelea ndege wenye manyoya, wale wa majini.

Ilianza na mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, likizo moja alikuja kwangu akanionesha video kwenye simu. Ndege mkubwa wa kijivu kasimama tuli kwenye majani kama mlinzi wa benki, mdomo mpana umevimba utadhani kiatu cha askari, macho makali, hacheki na mtu. Dogo akaniuliza, "Mjomba, huyu yupo kweli au wametengeneza na akili mnemba?" Nikamwambia yupo, na tena yupo mkoani kwetu hapahapa kwenye mabwawa ya Malagarasi. Akacheka mpaka akakaa chini. Yeye alijua labda Uganda huko, kwetu Kigoma anajua kuna sokwe wa Gombe, dagaa na migebuka, basi.

Huyo ndege wengine wanamwita korongo nyangumi. Chakula chake kikubwa ni kamongo na kambale, anaweza kusimama masaa bila kutikisika akisubiri mmoja atoe kichwa. Anataga yai moja mpaka matatu lakini mara nyingi kifaranga kinachokua ni kimoja tu, kwa hiyo ukisikia watu wanaiba vifaranga vyake wakauze nje ujue hilo pengo halizibiki mwakani.

Sasa jamani, hili eneo letu sio dogo. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi (huo Muyovozi wengine wanaandika Moyowosi, mto ni uleule) ndo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000, kabla ya Natron, kabla ya Kilombero, kabla ya Rufiji. Ramsar ni mji uko Iran, walisaini huko mkataba wa kulinda maeneo kama haya mwaka 1971. Ukubwa wake ni hekta milioni 3.25. Yani Burundi nzima, hawa majirani zetu, unaiweka humo ndani na chenji inabaki. Halafu mtu anazaliwa Uvinza, anasoma Uvinza, anaoa Uvinza, hajawahi hata siku moja kupelekwa kuangalia kilichomo isipokuwa kama anavua au anachunga.

Nikaamua nimpeleke dogo. Nikaenda kuuliza kwenye ofisi fulani, siitaji, kama kuna siku maalum za wananchi kwenda kutazama ndege. Yule baba aliyenipokea alinisikiliza vizuri tu, kwa heshima kabisa, afu akasema, "Kaka, hizo ni shughuli za wageni, sisi tunawaza watu wapate maji." Sikubishana nae maana maji nayo kweli. Ila njia nzima narudi nyumbani nilikuwa najiuliza, hivi kuangalia ndege inataka viza?

Basi tukajipanga wenyewe. Dada ameolewa Nguruka, kwa hiyo mwezi wa sita tukapanda basi watu tisa kutoka mjini, majirani, vijana wa mtaani, na fundi mmoja wa pikipiki ambaye alikuja kwa sababu alisikia Nguruka samaki ni bei poa. Tukalala kwa dada kwenye mikeka, asubuhi bodaboda mpaka ziwa Sagara. Kwenye pori la akiba hatukugusa, huko bila kibali huingii, sisi tulikuwa upande wa ziwa tu ambako wavuvi wanafanya kazi zao za kila siku.

Hiyo safari ya kwanza ilikuwa aibu Mhariri, wacha niseme ukweli. Pancha njiani, tumefika saa tatu jua limeshawaka, na ndege wa majini saa hizo wengi wameshakula wamejibanza kwenye matete. Mmoja wetu kavaa jezi ya Simba nyekundu inayoonekana toka Kaliua. Mwingine kabeba spika anapiga singeli. Tumepanda mitumbwi, tunaongea kama tuko kijiweni, kila tunakoelekea tunaona migongo ya ndege tu wanaondoka. Yule mzee aliyekuwa anatupeleka, wote tunamwita Babu, kaacha upondo kwenye tope, katuangalia, akasema, "Wajukuu zangu, mmekuja kutazama ndege au mmekuja kuwafukuza?" Mashabiki wa Yanga wakadakia kwamba kosa ni la ile jezi, ikawa ubishi mpaka tunarudi. Korongo nyangumi hatukuona hata unyoya. Babu alituambia huyo haji kwenye zogo, anakaa ndani kabisa kwenye mafunjo mazito maji yakiwa yametulia, hata yeye na miaka yake yote majini amemuona mara za kuhesabu.

Mwezi wa nane tukarudi, safari hii watano tu. Na ndo maana naandika.

Tuliingia majini saa kumi na mbili, kimya, nguo za kaki na kijani kibichi. Kumbuka bluu na nyeusi huko hapana, mbung'o wanazipenda sana, fundi pikipiki alikuja na suruali nyeusi anawajua sasa. Mimi nilikuwa na darubini ya mtumba niliyonunua kwa mtu, imeandikwa 8x42, maana yake inakuza mara nane na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, kwa mwanga wa alfajiri inatosha kabisa na kwenye mtumbwi unaocheza ukichukua inayokuza zaidi ya hapo utaona ukungu tu na kichefuchefu. Simu huko mtandao shida, ila zipo programu za bure za kutambua ndege kama Merlin, ukipakua kabla ya safari inafanya kazi bila bando.

Lakini hatukuihitaji sana, maana Babu alikuwepo. Kwanza alituambia tufumbe macho tusikilize. Furukombe akalia, ile sauti wote mnaijua hata kama hamjui ya nani, anatupa kichwa nyuma ndo anaitoa. Babu akasema wako wawili, jike na dume wanaitikiana, na kweli tukawaona kwenye mti mmoja mkavu. Mnandi kapanua mbawa zake kwenye nguzo anajianika kama kanzu kwenye kamba. Mdiria mweusi kwa mweupe kasimama hewani, kweli hewani, mbawa zinapiga hajasogea, afu chubwi, katoka na kisamaki. Korongo mmoja ambaye mdomo wake ukiufunga katikati unabaki wazi, dogo akasema huyu katengenezwa vibaya, Babu akamwambia subiri, kumbe ndo kifaa chake cha kula konokono.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kale kandege kenye vidole virefu kupita kiasi kanakotembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Babu akatusimulia kwamba kwa hawa baba ndo analalia mayai, baba ndo analea, hatari ikija anawabeba vifaranga chini ya kwapa miguu inaning'inia nje kama mtu kabeba mwanasesere. Jike kazi yake kutaga, afu huyo anaenda kwa dume mwingine. Nilikuja kusoma baadae nikakuta ni kweli tupu, neno kwa neno. Dada yangu alikuwemo kwenye mtumbwi siku hiyo, alicheka akamwambia mumewe, "Umesikia baba nanihii?" Shemeji akajifanya anaangalia mwari upande wa pili.

Sasa Babu huyu hajasoma kitabu chochote cha ndege. Amesoma maji. Anajua yupi akionekana ujue samaki wapo, yupi akilia jioni viboko wako karibu usogee pembeni. Fundichuma na lile litundu lake kubwa hataki kabisa liguswe, anasema ukilibomoa balaa litakufuata nyumbani, na mi nikaona hiyo imani imelinda tundu nyingi kuliko bango lolote. Nilipompa darubini aangalie, alikaa nayo kimya muda mrefu sana mpaka foleni ikaanza kulalamika, afu akasema tu, "Kumbe furukombe ana macho ya kahawia." Miaka zaidi ya arobaini anamuona kila siku lakini hakuwahi kumuona kwa karibu namna ile. Tulivyomlipa siku hiyo akatania kwamba leo nimekuwa mvuvi wa watu.

Dogo aliandika kwenye daftari aina 31. Kati ya hizo majina ya Kiswahili tulipata kama nusu, yangeyange, kwarara, hua, wale wa kawaida. Zilizobaki ziko kwa jina la Kiingereza au kwa jina alilolisema Babu kwa lugha ya kwao ambalo dogo kaliandika kwa kusikia. Tanzania ina aina za ndege zaidi ya 1,100, na ndege anayejulikana na kila mkulima kuanzia Igunga mpaka huku ni kwelea kwelea kwa sababu anakula mpunga, yani tunamjua adui tu.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri, na naomba ulichapishe hata kama utakata kule kwenye jezi. Wahusika watuwekee siku moja kila mwezi wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, wananchi wakatazame ndege pale ziwani, na waongozaji wawe hawahawa wavuvi, walipwe posho inayoeleweka sio soda. Nimesema kiangazi makusudi. Najua tarehe 2 Februari ni siku ya ardhioevu duniani, ila Februari kwetu ni masika, barabara tope, maji yametanda kila mahali ndege nao wametawanyika, utaishia kukaa chini ya hema kusikiliza hotuba na spika ikipiga kelele. Kiangazi maji yanapungua, samaki wanabanwa kwenye madimbwi, na ndege wote wanakusanyika palepale. Kama tunataka mtoto aone na sio asikie, tumpeleke Agosti.

Gharama yake sio ya kutisha. Maboya ya kuvaa ni lazima, hilo sibishani, viboko na mamba wamo na mitumbwi yetu mnaijua, sisi tulienda bila maboya na nikikumbuka nasikia baridi. Darubini tano kwa kuanzia. Gari la shule, kwa shule zile za karibu. Hoteli siombi, lami siombi, wala simuombi mtu asitishe kazi yake ya maji. Hao wageni waje tu, karibuni sana, lakini haiwezekani mtu atoke London aje kuona ndege ambaye mtoto wa Nguruka anabishana nami kwamba katengenezwa kwenye kompyuta.

Na kwa wale wanaosafiri tu, ukipita daraja la Malagarasi kwenye basi acha kuchati kidogo uangalie chini pembeni ya maji. Hata hapa mjini na Ujiji kwenye michikichi kuna tai mweupe kwa mweusi anakula matunda ya mchikichi, tai anayekula mawese jamani, wapi kwingine utamuona huyo, sisi tunapita chini yake tunaangalia simu.

Sisi safari ya tatu ni mwezi wa kumi mwishoni, kabla mvua hazijachanganya, maana hapo mbayuwayu wa Ulaya wanakuwa wameanza kufika, kale kadege kana kama gramu 20 na kametoka huko kote. Babu kasema tukitaka kujaribu bahati ya korongo nyangumi inabidi tulale kambi ya wavuvi na tuondoke na giza, na kule ambako kibali kinatakiwa tutaomba kibali, barua nimeshaandika. Nafasi zimebaki tatu. Jezi hapana, ya Simba wala ya Yanga.

Msomaji wako,
Mjomba wa Mwanga, Kigoma