Barua ya wazi kwa mabinti zangu mnaoshangilia waume kuzabwa vibao

Mabinti zangu, marahaba, sasa nisikilizeni maana nina hasira. Jumamosi nilikuwa kwenye kicheni pati, MC akamwambia bibi harusi ukikuta meseji ya mwanamke kwenye simu ya mumeo, mzabe kibao kwanza, maswali baadaye, ukumbi mzima vigelegele. Soda ikanikwama kooni. Hivi bwana harusi angefundishwa hivyo si tungepindua meza?

Najua mtasema bibi, wanaume ndio wanaotuua. Kweli kabisa, wanaoumizwa zaidi ni wanawake, na wengi wenu mnaonyanyua mkono mnajibu kipigo mlichoanzwa nacho. Kama unapigwa barua hii siyo yako, beba mwanao nenda Dawati la Jinsia pale polisi. Naongea na wewe unayeanza.

Sababu zipo. Pombe, wivu, kuolewa damu bado inachemka, msongo wa mawazo, madeni ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Ila mojawapo kubwa ni mlichokiona nyumbani mkiwa wadogo. Kuna binti mtaani kwetu, mama yake akikasirika alikuwa anarusha chochote, mwiko, sufuria, siku moja pasi, na baba naye anajibu, mtoto yuko chini ya meza kamziba mdogo wake masikio. Leo kaolewa, mwaka jana kammwagia mume chai ya kwenye chupa, shingo na bega vikababuka, kisa hakupokea simu. Namuuliza, ananijibu bibi mimi nikikasirika mkono unatangulia. Unatangulia! Kwa bosi wako mbona hautangulii? Na mwanawe wa miaka minne alikuwa mlangoni anaangalia.

Jamii nayo haina msaada, mwanaume akienda kituoni na kovu wanamcheka, mtaani wanamuita bwege, ananyamaza mpaka siku atakayojibu na hapo tunazika mtu. Wakati Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, awe mume au mke. Hao ma-MC ruhusa wameitoa wapi?

Nyie wenye mkono unaotangulia, ukiona moto unapanda weka simu chini, toka nje, nenda kwa wifi au jirani, aliyekuudhi utamkuta palepale. Siku ya ugomvi usiguse pombe. Ikikushinda, muone afisa ustawi wa jamii, au njoo kwangu hata usiku, mlango nitafungua.