Kwa wanangu wa maigizo Mtwara: tafuteni mchezo wenu

Wanangu,

Nimesikia mnagawanyika. Mmoja ameshakata tiketi ya Dar es Salaam, wawili hawasemezani kwa sababu ya fedha ya kutunzwa, na waliobaki wanasubiri kupigiwa simu na mtu wa mradi. Ningeweza kuwaita mmoja mmoja barazani kwangu hapa Mikindani, lakini mambo haya si yenu peke yenu. Lindi, Masasi, Newala, Kilwa, kote kuna vijana kumi au kumi na watano wenye vipaji na ngoma mbili za kuazima, na kote wanasambaratika kwa sababu hizihizi. Ndiyo maana nawaandikia hadharani.

Neno langu ni moja, mengine yote yanatoka humo. Hamna mchezo wenu. Mna michezo ya watu.

Ule wa chandarua ulikuwa wa watu wa malaria. Ule wa mimba za utotoni ulikuwa wa shirika. Ule wa choo bora ulikuja na fulana. Kila mmoja ulikuja na ujumbe ulioandikwa tayari, siku chache za mazoezi, posho na gari la kuwazungusha vijijini. Mradi ulipofungwa, mchezo nao ukafa siku hiyohiyo. Hakuna mtu hapa Mtwara aliyewaomba mrudie, na ninyi wenyewe hamkutamani kurudia. Miaka inakwenda hivyo. Mtu anabaki na rundo la fulana, lakini hana hata mhusika mmoja ambaye watu wakimwona sokoni watamwita kwa jina lake.

Muigizaji hukua kwa kumrudia mhusika yuleyule mbele ya watu tofauti. Leo wanacheka pale ulipotaka walie, kesho unajifunza kunyamaza kidogo kabla ya neno, keshokutwa unagundua kwamba mhusika wako anakohoa akidanganya. Hayo hayapatikani kwa maonyesho matatu ya mradi. Yanapatikana kwenye onyesho la thelathini, na mchezo wa kufika onyesho la thelathini ni ule mnaoumiliki.

Sisemi mkatae miradi. Posho hiyo inalipa kodi ya chumba, na chandarua kinaokoa watoto. Wala sisemi mchezo wenye ujumbe hauwezi kuwa mzuri. Wazazi wenu wanaikumbuka Twende na Wakati, iliyoanza Radio Tanzania mwaka 1993. Kazi ile ilibeba ujumbe wa uzazi wa mpango na UKIMWI, lakini watu walikaa karibu na redio kwa ajili ya Mkwaju, dereva wa malori, kujua leo atafanya nini. Walimtukana na kumsikitikia kama jirani yao. Mwenye mradi akija, mpeni mtu wa namna hiyo. Msikubali kusimama jukwaani mkisoma kipeperushi kwa sauti.

Mnaniuliza mchezo wenu utatoka wapi. Utatoka hapa mnapokanyaga. Mwezi wa kumi minada ya korosho inafunguliwa. Mkulima wa Tandahimba amepeleka magunia yake ghalani, ana stakabadhi mkononi, fedha haijaingia, na nyumbani kila mtu ameshaipangia matumizi: mke anataka bati, kijana anataka pikipiki, baba mwenyewe ana siri yake. Fedha inaingia, na ndani ya wiki mbili nyumba nzima imebadilika. Kuna ndoa zinazofungwa msimu ule na kuvunjika kabla mikorosho haijachanua tena. Huo ni mchezo mzima, wenye vicheko na machozi, na hakuna mtu wa Dar anayeweza kuwaandikia, kwa sababu hajawahi kukaa kwenye foleni ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Na msimu huohuo ndio watu wa vijijini wanakuwa na shilingi elfu moja ya kiingilio.

Ndiyo, kiingilio. Mnaogopa kulitaja neno hilo kwa sababu miradi imewazoesha watu kuona bure. Fanyeni hesabu nami. Watu 200 wakilipa 1,000 kila mmoja mnapata shilingi 200,000. Toeni nauli, mafuta ya jenereta, chakula, na kitu cha kumshukuru aliyewapa uwanja. Kinachobaki si utajiri. Lakini mkizunguka Nanguruwe, Tandahimba, Newala mpaka Masasi, mchezo huohuo mmoja, mnajikuta mna mwezi wa kazi ambao haukutoka kwenye barua ya mtu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ninyi mmecheza kwenu miaka yote hii mkilipwa na wageni, hamjampa nafasi mtu wa kwenu awatunze.

Na sasa hili la kutunzwa, maana ndilo lililowagombanisha. Binti ameimba ule wimbo wa mwisho, mama mmoja amepanda na noti ya elfu kumi akambandika kwenye paji la uso, na wengine wakafuata. Binti anasema fedha ni yake. Mweka hazina anasema ni ya kikundi. Hukumu yangu ni hii: nusu kwa nusu, iandikwe kwenye katiba ya kikundi, na isibadilishwe usiku wa onyesho. Mama yule alimtunza yeye, hilo ni kweli. Lakini alimwona kwa sababu wenzake walipiga ngoma, wakashika taa, wakamshonea gauni. Anayepiga ngoma nyuma hatunzwi na mtu, naye ana watoto.

Nije kwa anayekwenda Dar es Salaam. Msimwite msaliti. Ninyi mmezaliwa barabara ipo. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji tuliivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mvua zikishika kusini yote inakatika. Msanii alifikiri mara nyingi kabla ya kuondoka. Leo unapanda basi alfajiri, jioni uko Mbagala. Kuondoka kumekuwa rahisi, basi kusiwe ugomvi.

Ila nimwambie yeye jambo moja kwa upendo. Bongo muvi ilipochanua, haikuwaokota watu barabarani. Steven Kanumba, Ray, Johari, wote walipita Kaole, kikundi kilichokuwa kikionyesha michezo yake kwenye runinga ya ITV. Walifundwa katika kundi kabla nchi haijawajua sura. Ukifika Dar na kipaji kitupu, utasimama kwenye foleni ya usaili na mamia wenye vipaji vitupu. Ukifika na mhusika uliyemcheza mara thelathini, ukiombwa kuonyesha kitu, utaonyesha kitu. Kaa msimu huu mmoja, mwanangu, kisha nenda. Na ukiona huko hakukufai, rudi, na wenzako wakupokee bila kukusimanga.

Hata hivyo si lazima kuhama ndipo ujulikane. King Majuto nchi nzima ilimjua, na Tanga alibaki kuwa mtu wa Tanga. Alipofariki mwezi wa nane 2018 alizikwa hukohuko. Mwaka huohuo, akiwa mgonjwa, ilibidi waziri mwenye dhamana ya sanaa aunde kamati ya kuipitia mikataba ya matangazo ya mzee yule. Lifikirieni hilo. Mtu aliyechekesha Afrika Mashariki yote, na bado karatasi alizotia sahihi zikahitaji kamati. Ninyi mnatia sahihi mkiwa mmesimama, kalamu ya kuazima, gari linaungurumisha injini. Komesheni. Karatasi yoyote ilale kwenu usiku mmoja, isomwe kwa sauti mbele ya kikundi kizima, na mkishindwa kuielewa mpelekeeni mwalimu au mwanasheria.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Kazi mliyoitunga ni yenu tangu siku mlipoitunga, na haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Waigizaji nao wana haki yao: mtu hapaswi kurekodi onyesho lenu akaliuza bila ridhaa yenu. Lakini haki bila daftari ni taabu kuithibitisha. Ninyi mnatunga kwa mdomo mazoezini, kila mtu anatia neno, na hakuna anayeandika. Mchezo ukipendwa, watatokea watunzi watano. Andikeni. Wekeni tarehe, majina ya waliotunga, na mgawo wa kila mmoja, kisha mkausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kikundi chenyewe kiwe na cheti cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na kibali cha onyesho ombeni mapema kupitia afisa utamaduni, kwa sababu sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976 inahusu jukwaa pia. Mkopo wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, au ule wa halmashauri, msiukimbilie kabla ya kuwa na mchezo unaoingiza kitu. Mkopo unarudishwa hata kama viti vilikuwa vitupu.

Binti zangu, ninyi ndio mnaonikosesha usingizi.

Huku kusini mwanamke si mgeni wa jukwaa. Unyago wetu umejaa nyimbo na maigizo, na wanaouongoza ni manyakanga. Nimeona bibi vizee wakimwigiza mume mlevi mpaka mwali analia kwa kicheko, kisha somo linabaki kichwani maisha yote. Lakini binti huyohuyo akicheza usiku pale Uwanja wa Mashujaa, anaitwa mhuni. Akiposwa, sharti la kwanza ni aache maigizo. Akipata mimba, kikundi kinamsahau kabla tumbo halijaonekana. Nimewajua wanawake waliokuwa na uwezo wa kushika uwanja mzima kwa kuinua mkono tu. Wote walinyamaza kabla ya kutimiza miaka ishirini na mitano, na hakuna kikundi kilichokwenda kubisha hodi kwao.

Hili lina dawa, na dawa yenyewe ni kazi ya kila siku. Fedha ya bodaboda ya kuwarudisha mabinti mpaka mlangoni itolewe kabla ya posho ya mtu yeyote, akiwemo kiongozi. Wazee wa kikundi waende kwa wazazi wa kila binti, wakae, waeleze mazoezi yanaanza saa ngapi na yanakwisha saa ngapi, na wazazi waalikwe onyesho la kwanza wakae mbele. Kila nafasi iwe na watu wawili wanaoijua. Aliyejifungua akirudi, nafasi yake aikute. Na wewe kiongozi wa kikundi, usiwaombe mabinti kitu chochote ili wapate nafasi ya kucheza. Ukifanya hivyo hufai kuongoza hata mbuzi, na mimi nitakuwa wa kwanza kulisema jina lako mbele ya watu.

Wale wavulana watatu wa klipu za TikTok sina ugomvi nao. Simu ni uwanja kama uwanja mwingine, na kichekesho cha dakika moja kina ufundi wake. Ninachokiogopa ni kuhesabu waliotazama na kuacha kuhesabu mlichojifunza. Fikirieni lipiko, mchezaji wa kinyago katika ngoma ya Wamakonde. Sisi wanawake hatukutakiwa kumjua aliye ndani ya sura ile ya mti, na aliyecheza hakutajwa jina. Lakini kila mtu pale uwanjani alijua kama mchezaji ni fundi au ni mbabaishaji, kwa miguu tu, kwa mabega, kwa namna alivyoitikia ngoma. Wazee wale walikuwa na kazi ya sanaa ya maisha yote bila sura yao kuonekana. Wavulana wangu, rekodini, lakini mazoezini mje.

Kuhusu kuwa na kazi nyingine, msione haya kabisa. Anayeendesha bodaboda, anayebangua korosho, anayesherehesha harusi, anayesoma matangazo redioni, wote ni wasanii kamili madhali wanafika mazoezini. Kusherehesha kunafundisha kumsoma mtu wa nyuma kabisa. Redio inafundisha sauti. Aliye na mkono wa cherehani ashone maleba ya vikundi vingine kwa malipo. Pangeni tu mazoezi kwa saa ambazo wote mnaweza, baada ya alasiri, na mwezi wa Ramadhani msome na kuandika badala ya kurukaruka.

Uani kwangu kuna nafasi, kuna taa, na jirani zangu wamezoea kelele za ngoma. Kuanzia Jumamosi ijayo, njooni tuanze mchezo wa korosho. Kila mmoja awe amemsikiliza mkulima mmoja au mke wa mkulima mmoja, aje na alivyosema, si anavyodhani alisema. Njooni na daftari. Wale wawili wasiosemezana ndio nitakaowapa sehemu ya kwanza ya mchezo waiandike pamoja: mume na mke, usiku fedha ilipoingia.

Mama yenu,
Mikindani