Msilaumu mashine kabla ya kuitazama bledi

Mhariri,

Msomaji akiuliza gazetini aanze vipi kukata nakshi za mbao nyumbani kwa msumeno wa skroli, yaani mashine ya mezani yenye bledi nyembamba ya meno inayopanda na kushuka, jibu analopewa karibu kila mara ni kwamba atafute mashine nzuri. Sisi tunaoshika msumeno huo kila jioni tunaona jibu hilo linawatoa watu pesa bila kuwatoa kwenye tatizo. Mashine ya bei kubwa hutetemeka kidogo tu, na bledi yake hubadilishwa upesi. Basi. Kazi inayotoka imechanika chini, imeungua pembeni au mstari umekwenda upande, iwe imekatwa kwa mashine ya laki mbili au ya milioni mbili, mara nyingi imeharibiwa na bledi iliyoisha makali nusu saa iliyopita ambayo mtu hakutaka kuitupa.

Kuna mambo mawili tu ya kukagua kwenye mashine yenyewe kabla ya kulipa. La kwanza ni jinsi inavyoshika bledi. Zipo bledi zenye kipini kidogo kila ncha, na zipo zilizonyooka tu, urefu wa inchi 5, yaani kama milimita 127. Ile ya kipini ni rahisi kufunga, lakini kipini lazima kipite kwenye tundu linalotobolewa ili kuanza kukata ndani ya mchoro, na tundu la kukipitisha linataka karibu milimita 5. Nakshi ndogo haina nafasi ya tundu la namna hiyo. Bledi iliyonyooka, namba 5 (namba ndiyo kipimo cha upana wake), hupita kwenye tundu la keekee ya milimita 1.5, zile nyembamba za 2/0 (sifuri mbili, ndogo kuliko 1) hadi namba 1 hupita kwenye la milimita 1. Mashine isiyokubali bledi zilizonyooka itakufungia mlango wa nakshi na kukuachia vitu vya watoto vya kukata nje tu.

La pili ni umeme. Mashine nyingi zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani ni za volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za hapa mota inaungua, na hakuna fundi atakayekurudishia. Inahitaji transfoma ya kushusha. Ya wati 500 inatosha kwa mashine ndogo kama hizi. Kibao cha mota kikisema ni ya 60 Hz tu (mizunguko ya umeme kwa sekunde) na si ya kubadilishwa mwendo, tegemea izunguke polepole kwa takriban sehemu moja kati ya sita kwenye 50 Hz za huku. Hilo halidhuru kukata.

Sasa bledi. Namba ikiwa kubwa, bledi ni pana na meno ni makubwa. Kwa plaiwudi ya milimita 3, namba 1 au 3. Kwa mbao ngumu ya milimita 12 hadi 20, namba 5 au 7. Anayeanza hukimbilia namba ndogo kwa kudhani nyembamba ndiyo safi, akaitia kwenye mninga wa milimita 20. Bledi inakwenda polepole, inapata moto, anasukuma, inapinda, inakatika. Kisha analaumu mashine. Bledi zenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kuelekea juu ndizo za kununua kwanza, kwa sababu hayo machache huzuia upande wa chini wa plaiwudi usichanike nyuzi. Yana sharti: yafungwe kwa kina ambacho meno mawili matatu yaliyogeuzwa hutokea juu ya meza bledi inapopanda. Yakibaki chini ya meza hayana kazi.

Meno mengine yote hutazama chini, na humtazama anayekata. Bledi ikifungwa kichwa chini ubao unarukaruka mezani kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Ukiona hivyo zima mashine kwanza, usiukandamize kwa vidole.

Mkazo wa bledi hausomwi kwenye nati wala kwenye mtandao. Iguse bledi kwa kucha: inatakiwa ilie, sauti ya juu na safi kama uzi wa udi uliokazwa. Ikitoa kishindo kifupi imelegea, na mstari wako utakuwa na tumbo: juu unafuata karatasi, chini umekwenda kwingine. Isukume kwa kidole pembeni. Isisogee zaidi ya milimita 3 hivi. Bledi mpya hurefuka kidogo ikipata joto, kwa hiyo ikazwe tena baada ya dakika chache za kwanza. Na ikiwa mashine ina kubadilisha mwendo, kati ya mipigo 400 na 1,600 kwa dakika, anayejifunza akae chini ya katikati, hasa kwenye plaiwudi nyembamba, ambayo kwa mwendo mkubwa hukatika kabla macho hayajafika.

Lipo jambo moja linalowakatisha tamaa watu wengi kuliko yote na haliandikwi. Mtu anasukuma ubao mbele sawasawa, mstari wa penseli umenyooka, bledi inakimbilia kulia. Anaongeza nguvu kushoto, inazidi. Si mkono wake. Bledi za kawaida hutengenezwa kwa kukata meno kutoka upande mmoja, na upande wa pili hubaki na ukingo mkali usioonekana kwa macho. Upande huo unakula mbao zaidi. Dawa yake ni kuuweka ubao mshazari kidogo, digrii 3 hadi 5, na kuusukuma hivyohivyo umekaa upande. Chora mistari mitano iliyonyooka kwenye kipande cha bure, uikate yote, na ufikapo wa nne mkono utakuwa umeshajua pembe ya bledi hiyo. Kila pakiti ina tabia yake.

Meza nayo isiaminiwe kwa kutazama kipimo chake cha digrii. Chukua kipande cha unene wa milimita 20, kata mfuo wa kina cha milimita 3 tu, zima, kizungushe kipande mpaka mfuo uwe nyuma ya bledi, kisha uusogeze uiguse. Bledi ikiingia kwenye mfuo bila kulazimishwa, meza iko sawa. Ikikataa, tofauti unayoiona ni mara mbili ya kosa lenyewe, kwa hiyo rekebisha nusu. Asiyepima hivi atatengeneza fumbo la vipande linalotoka juu na kukwama chini.

Karatasi ya mchoro ibandikwe juu ya tepu ya wapaka rangi, si juu ya mbao. Lalisha tepu kwanza, pulizia gundi nyuma ya karatasi (siyo kwenye tepu), ngoja nusu dakika, bandika. Asiye na gundi ya kupuliza atumie ile ya kijiti ya watoto wa shule, inafaa kabisa. Juu ya karatasi pitisha selotepu pana ya kufungia maboksi: hulainisha njia ya bledi, na mbao zinazoungua upesi kama msaji hutoka bila weusi pembeni. Msaji una mchanga mwembamba ndani yake, hula meno. Kwenye msaji badilisha bledi mapema. Kutoboa kukiisha, pitisha msasa nyuma ya ubao, kwa sababu keekee huacha vinundu, na ubao uliokaa juu ya vinundu hutetemeka.

Pahali panapohitaji akili kuliko mkono ni daraja, yaani kipande chembamba cha mbao kinachoachwa bila kukatwa. Kila kisiwa ndani ya mchoro lazima kishikwe na kitu, la sivyo kinaanguka. Mfano ulio mlangoni mwa nyumba nyingi ni neno KARIBU. Ukizitoboa herufi zake ziwe matundu kwenye ubao, K, I na U hazina shida, lakini A inapoteza pembetatu yake, R kijicho chake, B vyote viwili, na unabaki na madoa yasiyosomeka. Chora daraja mbili kwa kila kijicho, zisipungue milimita 2 kwenye plaiwudi na 3 kwenye mbao nzima. Na kwenye mbao nzima daraja lifuate nyuzi za mbao. Likikatisha nyuzi litavunjika siku ya kufuta vumbi, si siku ya kukata.

Maandishi ya Kiarabu yana kisa kingine, na wengi wa pwani ndiyo wanayoanza nayo. Hapo kawaida herufi ndizo zinazobaki na nafasi ndizo zinazotolewa. Alifu, dali, dhali, ree, zee na wau haziungani na herufi inayofuata, kwa hiyo neno linakatika vipande. Nukta nazo huelea. Katika Bismillahi Rrahmani Rrahim nukta ni nne: ya bee, ya nuni, na mbili za yee. Zihesabu kabla ya kuwasha mashine. Ama uzifunge kila moja kwa daraja jembamba kwenye herufi iliyo karibu, ama uukate mchoro wote ndani ya fremu inayogusa vichwa na mikia ya herufi, ama ukate vipande na kuvigandisha juu ya ubao wa rangi nyingine, nukta mwisho. Njia ya tatu ndiyo safi kwa anayeanza. Tena mchoro wa namna hii ni bora upitishwe kwa karatasi ya kaboni kuliko kubandikwa, maana kinachobanduliwa au kusagwa na msasa ni maandishi yaleyale, na si kila mtu yuko radhi yaishie kwenye kapu la taka.

Anayetaka kuona daraja lilivyofikiriwa na mafundi wa kweli akatazame roshani za Zahanati ya Kale, barabara ya Mizingani, Zanzibar, jengo ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887. Hutaona mahali mbao imebaki nyembamba bila sababu. Nakshi ya kukaa juani na mvuani haiwezi kuwa kama ya kutundika sebuleni.

Kukata kuanzie katikati kwenda nje, matundu madogo kwanza, sehemu dhaifu mwisho, na mstari wa nje mwisho wa yote. Sababu ni nyepesi: ubao mzima ndio mshikio wako. Ukitoa umbo la nje mapema unabaki na kitu kidogo kama biskuti, vidole viko karibu na bledi na hakuna pa kukandamiza. Kwenye kona kali ya ndani usizungushe ukiwa unasukuma. Fika konani, acha kusukuma, urudishe ubao nukta moja mpaka mgongo wa bledi uguse ukuta uliokwisha kukatwa, kisha zungusha. Mgongo hauna meno, kwa hiyo unazunguka bila kula. Kwa bledi namba 1 au 3 kona inatoka kali. Kwa namba 7 haitoki, bora uikate kwa kuingia pande mbili.

Kukata karatasi tatu au nne za plaiwudi ya milimita 3 kwa pamoja kunaokoa muda, na jumla ya milimita 9 hadi 12 hutulia mezani kuliko karatasi moja. Zifunge kwa misumari midogo kwenye sehemu za kutupwa au kwa gundi ya moto pembeni. Ila angalia plaiwudi yenyewe. Ile ya bei ya chini ina mianya kati ya matabaka, na daraja likiangukia juu ya mwanya limekwenda. Itazame kingo zote nne dukani. Ukiona matundu meusi, iache. Na hapa pwani ilazwe juu ya sakafu iliyonyooka, si kuegemezwa ukutani, maana unyevu wa wiki moja unatosha kuipinda.

Vumbi la mvule, mninga na mpingo linajulikana kwa kuwasha pua, macho na ngozi za watu wengine, na vumbi la msumeno huu ni laini kama unga. Barakoa ya N95, si kitambaa. Feni ielekezwe nje ya dirisha.

Msasa mkubwa, namba 120 kisha 180, upite kabla ya kukata. Baada ya kukata ni 220 tu, kwa mkono mwepesi. Kwa mafuta ya kitani, mimina kwenye sinia, zamisha nakshi, itoe baada ya robo saa, isimamishe ichuruzike, futa. Brashi haifiki ndani ya matundu. Matambara yaliyofuta mafuta hayo yasikunjwe wala kutupwa pamoja: yanapokauka hutoa joto, na yakiwa yamerundikwa huwaka moto yenyewe bila kiberiti. Yatandazwe nje moja moja, au yatiwe ndani ya ndoo ya maji.

Ombi letu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mnapochapa mchoro wa kukata kwenye ukurasa wa watoto, wekeni chini yake mstari wa sentimita 5, upunguzwe pamoja nao. Mchoro hupunguzwa ili utoshe safu, msomaji anaupiga kopi kama ulivyo, na daraja la milimita 3 linamfikia likiwa na milimita 1 na nusu. Kwa mstari huo ataupima kwa rula na kujua aukuze kwa asilimia ngapi kwenye mashine ya kopi.

Wenu,
Wakata nakshi wa jioni,
Tanga