Kamisheni za oda mlizozifuta

Kwa Meneja Mkuu,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: KAMISHENI ZA ODA MLIZOZIFUTA

Nawaandikia kwa heshima, ingawa mimi heshima hiyo sikuipata ofisini kwenu.

Mimi ni wakala wenu: natangaza bidhaa za duka lenu mtandaoni kwa kiungo chenye alama yangu, nanyi mnanilipa kamisheni. Masharti mnayajua, mliyaandika wenyewe. Mteja akipitia kiungo changu na kuagiza ndani ya siku 30, oda ni yangu. Mnalipa kwa oda, hamlipi kwa kubonyezwa tu. Bando nanunua mimi, picha napiga mimi, maswali ya wateja usiku najibu mimi, na asiponunua mtu, hasara ni yangu. Nilikubali hayo yote. Basi oda ikipatikana, lipeni.

Wateja wangu wa Kayole, Umoja na Donholm waliagiza masufuria na blenda, wakapelekewa, wakalipa kwa M-Pesa mbele ya watu wenu wa bodaboda. Jumbe za malipo wamenitumia, ninazo. Kwenye akaunti yangu oda hizo hizo zimeandikwa “Imeghairiwa”. Wateja wenyewe ndio walionieleza: mhudumu wenu aliwapigia simu eti kuthibitisha, akaifuta oda ya kwanza, akaandika nyingine isiyo na kiungo changu. Mnunuzi yule yule, bidhaa ile ile, bei ile ile.

Nilipokuja kuuliza, ofisa wenu wa kaunta hakuzitazama hata hizo jumbe. Aliniambia mbele ya foleni nzima: “Mama, wewe hujauza kitu. Mteja alikuja mwenyewe.” Kisha akamwita askari anitoe.

Na kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeandika barua pepe, nikajibiwa na mashine. Tena kuna jambo la kodi. Kamisheni hizo mlikuwa mmeshazikata kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla mtu hajalipwa, ya asilimia 5, ile ya Sheria ya Fedha ya 2023, ndipo mkazifuta. Kama si mapato yangu, mlimkata nani? Na kama kodi ilifika KRA, mamlaka ya kodi, cheti chake kiko wapi?

Narudi pale kaunta, maana jambo hili halinitoki. Nilikuwa nimeshika simu, ujumbe wa M-Pesa uko wazi, jina la duka lenu linasomeka. Nikamwambia, “Tafadhali, soma tu.” Akaisukuma simu yangu kwa kalamu. Hujauza kitu, akasema tena, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Wanunuzi wawili katika foleni ile niliwaleta mimi. Askari alinishika mkono, mimi mtu mzima, nikatolewa kama mwizi.

Nataka oda zote zilizofutwa baada ya simu zenu zirudishwe kwenye akaunti yangu na nilipwe ndani ya siku 14. Nataka cheti cha kodi. Nataka yule ofisa aniombe msamaha kwa maandishi. Na msikague oda zangu peke yake: kagueni oda za mawakala wote, kwa kuwa mliowafanyia hivi ni wengi na tunawasiliana.

Mkikaa kimya, nakwenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Inasikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, sihitaji wakili, na wateja wangu wako tayari kutoa ushahidi. Viungo vyenu nimeanza kuviondoa leo.

Wakala wenu,
(Jina na nambari ya usajili mnavyo.)