Mama mkwe anaona nampimia chakula, nifanyeje?

Habari zenu ndugu wasomaji, wakubwa wangu shikamooni. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 41, kwetu Muheza ila sa hivi naishi Houston huku Marekani na mume wangu, yeye kwao Tanga mjini. Naandika nikiwa kwenye mapumziko ya shifti maana nyumbani sina pa kukaa peke yangu, naombeni mnivumilie nikichanganya mambo.

Mwezi wa pili nilienda kupima afya, dokta akaniambia kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kimesoma 6.1. Kisukari chenyewe kinahesabika kuanzia 6.5 kwa hiyo bado sijafika ila nipo njiani kabisa, akasema nikipunguza hata asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wangu na nikawa natembea dakika 150 kwa wiki basi uwezekano wa kufika huko unapungua sana. Nilikuwa na kilo 96. Baba yangu mzazi alikatwa mguu kwa sukari, mimi ndo nilikuwa namsafisha kidonda kila asubuhi na ile harufu mpaka leo naikumbuka, kwa hiyo nilitoka pale nikakaa kwenye gari nikalia sana.

Dada mmoja tunayefanya naye kazi ndo akanionyesha Weight Watchers, kama hamuijui ni utaratibu wa kula kwa kuhesabu pointi, kila chakula kina pointi zake na wewe unapewa pointi zako za siku kwa jinsi ulivyo. Kalori, sukari na yale mafuta yanayoganda ndo yanapandisha pointi, protini inashusha. Mimi nilipewa 23 kwa siku na nyingine za akiba za wiki kwa ajili ya sherehe na dharura. Halafu kuna vyakula vya sifuri, unakula bila kuhesabu, kwangu ni matunda, mchicha na mboga nyingi, mayai, samaki, maharage, kidari cha kuku kisicho na ngozi. Nilivyoona maharage na samaki vipo nikasema hii naiweza. Na kitu kingine kilichonivuta, yule mama aliyeianzisha, Jean Nidetch, alikuwa mama wa nyumbani tu kule Queens, New York, mwaka 1961 akawaita mashosti zake sebuleni kwake waambiane shida zao za kula, yani kama vikundi vyetu vya akina mama, kampuni ikaja kuandikishwa 1963.

Kiukweli ilinisaidia. Nilijifunza vitu ambavyo miaka yote napika sikuvijua, mfano kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni pointi 4 na mimi nilikuwa namimina tu kwenye sufuria kwa macho, wali mweupe kikombe kimoja pointi 6, chapati yangu ya kusukuma nilivyoipigia hesabu ikaja 9 moja, na asubuhi nilikuwa nakula tatu. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni. Miezi minne na nusu nikafika kilo 89, magoti yakaacha kuuma, nikawa napanda ngazi kazini bila kupumzika katikati.

Bas, mwezi wa saba akaja mama mkwe wangu, viza yake ameruhusiwa kukaa miezi sita. Nampenda mama yule jamani, naomba mlielewe hilo kwanza, nilipojifungua wa kwanza yeye ndo alinikanda na kunilea kama mwanae wa kumzaa. Alifika na mabegi mawili, moja lote iliki, mdalasini, dagaa na unga wa muhogo, na kesho yake tu akaingia jikoni. Wali wa nazi, maharage ya nazi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, jioni mahamri na mbaazi. Kopo moja la tui zito la hapa nikilipigia hesabu linakaribia pointi 40 na mama kwa mlo mmoja anafungua matatu, mawili kwenye wali moja kwenye mboga. Maharage yangu ya sifuri yanageuka kuwa mlo wa kumaliza siku nzima.

Na tunakula sinia moja. Hapo ndo nilipokwama kabisa, wali wa kwenye sinia unauhesabuje? Unakula huku mama anakusogezea nyama upande wako, anakumegea samaki, utamwambia ngoja mama nimeshamaliza pointi? Wiki za mwanzo nilikula tu bila kuhesabu. Baadae nikaanza kushinda njaa ili pointi zote nizihamishie usiku, siku moja kazini nikatetemeka mikono nikawa sioni vizuri, nikaogopa nikaacha. Kwenye mizani nikawa nimerudi kilo 92.

Sasa nikaona bora nipime sufuria ya wali kabla haujapakuliwa, nijue uzito wote nigawe kwa watu watano nipate wastani. Mama akanikuta. Akasimama pale mlangoni akaniangalia halafu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, chakula unanipimia?" Nikababaika, nikasema hapana mama ni mambo ya dayati tu. Kwake yeye dayati ni urembo wa wasichana, mwanamke aliyeolewa akikonda ni ugonjwa au mume hamtunzi, kwa hiyo hakuniamini hata kidogo.

Toka siku ile mama anakula matonge matatu anasema nimeshiba, anainuka anaenda kunywa chai ya rangi. Na nilimsikia kwenye simu akimwambia dada yake, "huku chakula kinawekwa kwenye mizani kama dukani". Haikupita wiki wifi yangu akanitumia meseji, tumesikia mama anapimiwa chakula, kama ni mzigo semeni tumtumie tiketi. Sikulala usiku ule. Mimi, ambaye kwetu mgeni anapakuliwa kwanza na nyama nzuri ni yake!

Nilitaka kumwambia mama ukweli wote, kuhusu sukari na majibu ya dokta, mume wangu akakataa. Anasema mama ana presha, akisikia sukari atajua mkwe wake anakufa na habari itafika Tanga kabla ya jua kuzama. Anasema vumilia, kula tu, akiondoka utaendelea. Lakini imebaki miezi minne jamani, na mwezi wa 11 narudi kupima. Yeye hakumuuguza mtu mwenye sukari, anaiona kama kitu kinachoweza kusubiri.

Ninachoomba ushauri ni hiki. Je, nimwambie mama bila ruhusa ya mume wangu, au nimbane kwanza mume tumwambie pamoja? Na kama kuna dada yeyote aliyepunguza uzito huku akila sinia moja na familia, ulikuwa unafanyaje hesabu zako bila kumkwaza mtu? Nimefikiria kumuomba mama anifundishe kupika kwa tui la pili, lile jepesi, tukune nazi wenyewe kama kwao badala ya haya makopo, nazi nzima huku zinapatikana kwenye maduka ya Wahindi. Ila kwa hali ilivyo naogopa atasikia kwamba sasa hata tui nambania.

Mizani nimeificha kwenye gari. Naombeni majibu mapema, Jumapili wifi anapiga vidio koli na tutakuwa tumekaa wote sebuleni.