Naomba baridi ya Lushoto

Mbezi Beach, Dar es Salaam
Mwisho wa Mei

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Sisi wazima, ila mbu wa masika hii wametukomesha, na kabla hujaanza uchokozi wako: hapana, mimea yangu inayokula wadudu haiwamalizi. Kila mteja ananiuliza hivyo hivyo. Mbu inakula, lakini mmoja mmoja, kwa wakati wake. Anayetaka kulala anunue chandarua.

Kimya changu unisamehe. Nina shida, na naisema sasa hivi maana nikichelewa nitaishia kukusimulia ya Mama Zuhura, na yale si ya kuandika kwenye karatasi. Naomba unitunzie huko Lushoto Dionaea zangu, zile unazoziita midomo kwa kuwa majani yake hufunga yakinasa mdudu, kuanzia Juni mpaka Agosti iishe.

Kwao ni Carolina, Marekani, kwenye vinamasi vya huko. Baridi ikiingia zinalala miezi mitatu na zaidi, nguvu zote zinashuka kwenye kishina kilichomo udongoni. Hapa Dar nani atazilaza? Mchana joto, usiku joto. Zinachipua tu, kila mdomo mdogo kuliko uliotangulia, mwisho zinakufa. Zile Nepenthes, zinazonasa wadudu kwenye vibuyu, hazina tabu. Nilizonazo ni za mabondeni Borneo, zinafurahia jasho letu, na ndugu zake wapo mpaka Madagaska na Shelisheli. Lakini wateja wanataka mdomo unaofunga! Mzee Shabani anasema niachane nayo, nibaki na ukoka na michikichi ya mapambo, ndivyo vinavyolipa kodi ya kiwanja. Kwa hesabu yuko sahihi. Ila nani amewahi kusimamisha gari aangalie ukoka?

Juzi mteja kanirudishia chungu, anadai hela yake. Midomo yote myeusi tii. Kumbe watoto walishinda wanaichokoza na kijiti. Mle ndani kila upande una vinyweleo, kwa kawaida 3; vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde kama 20, jani linafunga. Na jani halifungi milele, likifunga mara chache limemaliza kazi. Halafu wakailisha mshikaki, wakaimwagilia maji ya kisima. Maji ya kisima, Rehema! Ya huku, ambayo hata chai ukipika unasikia chumvi.

Kwa hiyo nitakupakilia na madumu ya maji ya mvua, nimekinga masika yote kwenye simtanki. Usiyachanganye na ya bomba. Udongo uwe na unyevu tu, usiloe chapachapa. Na samadi, hata kiganja usitie, mama akisema zimekonda mwache aseme. Kwao udongo hauna rutuba, ndiyo maana zinawinda. Majani yakiwa meusi usizing'oe, zitakuwa zimelala. Nzi pia usizitafutie.

Baridi imeshaanza huko? Ile baraza ya nyuma bado inapata jua la asubuhi, au jirani keshajenga ukuta wake? Paka yupo? Mama atakubali, au atasema nimemletea uchawi ndani kama mwaka ule? Nikipakia kwenye basi la asubuhi, nani atakuja kupokea stendi? Na yule wa Soni, umemjibu au bado unamzungusha?

Wako,
Saumu