Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: ndege ikinyamaza, nani atatupigia simu?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Lubumbashi. Nakuandikia kuhusu ndege zinazonyamaza zikiwa angani, na hasa kuhusu masaa yanayofuata, ambayo kwetu huwa hayana mwenyewe.

Huku mitaani habari ya MH370, ile ndege ya Malaysia iliyopotea, haijaisha. Mmoja anasema ilitekwa, mwingine inafichwa kisiwani, na hapa Katuba hukosi wa kukuapia kwamba ni mambo ya wakubwa. Mimi siingii humo. Boeing 777 yenye watu 239 iliondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing usiku wa tarehe 8 Machi 2014. Saa saba na dakika 19 sauti ya rubani iliaga waongoza ndege, na muda mfupi baadaye chombo kinachoijibu rada kikazimika. Rada ya jeshi iliiona ikirudi magharibi, ila usiku ule hakuna aliyeishtukia. Setilaiti iliendelea kuiita karibu kila saa, ikajibiwa mpaka saa mbili na dakika 19 asubuhi, kisha basi.

Walisaka chini ya Bahari ya Hindi kilomita za mraba 120,000, kama robo ya Katanga yetu ya zamani, wakasimama Januari 2017 mikono mitupu. Vipande vilijileta vyenyewe: kimoja Réunion mwaka 2015, kingine cha bawa kikaokotwa kisiwani Pemba mwaka 2016. (Ndiyo, Pemba ya Waswahili.) Ripoti ya Malaysia ya Julai 2018 ilikiri kwamba chanzo hakikujulikana.

Lakini hata katika giza lile, orodha ya abiria ilikuwepo. Wawili waliopanda kwa pasipoti za wizi walitambuliwa ndani ya siku chache, wakarudishiwa majina yao halisi.

Sasa nikupeleke kwenye safari ya mjomba wangu, aliyekwenda Kalemie kufuata samaki kwa ndege ndogo. Alipandishwa kwenye mizani pamoja na begi na katoni zake. Kijana mwenye daftari akasoma kilo, akaandika kwa kalamu ya bluu: «Papa wa Kalemie, koli 3», yaani mzee wa Kalemie, mizigo mitatu. Hakuuliza jina wala namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Kampuni siitaji, maana sitafuti ugomvi na kijana yule. Mjomba alifika salama, akarudi na ndakala zake. Ila ndege ile ingenyamaza juu ya milima ya Marungu, serikali ingemtafuta nani? Koli tatu?

Usiniambie hayo ni ya kubuni, Mheshimiwa. Tarehe 10 Oktoba 2019, Antonov 72 iliyobeba watu na vifaa vya safari ya Rais iliondoka Goma kwenda Kinshasa, ikapotea dakika 59 baada ya kupaa. Mabaki yake yalikuja kupatikana Sankuru. Ikiwa ndege ya msafara wa Rais yenye watu wanane inaweza kupotea hivyo, ya wauza samaki je?

Na sisi wa Lubumbashi tuna kumbukumbu ya zamani zaidi. Septemba 1961 Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa njiani kwenda Ndola, Zambia ya leo, kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, aliyetawala kutoka mji huu huu. Ndege ilipita juu ya uwanja baada ya saa sita usiku, kisha kimya. Uwanja ukafungwa, watu wakalala, wakidhani amekwenda kwingine. Mabaki yalipatikana rasmi baada ya masaa kama 15, kilomita kama 15 tu kutoka uwanjani. Harold Julien, mlinzi wake, alikuwa bado hai. Akafa hospitalini siku chache baadaye. Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman, amefuatilia chanzo cha ajali hiyo kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kwa miaka. Mwenye kupenda fumbo na alifuate. Mimi nauliza juu ya yale masaa 15.

Baada ya MH370, dunia iliweka kanuni kuanzia Novemba 2018: ndege ijulikane iko wapi kila dakika 15. Lakini ulazima wake unahusu ndege kubwa zinazovuka bahari. Vile videge vya Manono na Kalemie havimo, na hakuna wa Montréal, yaliko makao ya shirika la usafiri wa anga la dunia (ICAO), atakayekuja kutuandikia kanuni yake.

Basi naomba uiandike wewe. Ndege isiruke na abiria kabla orodha haijabaki uwanjani, yenye jina kamili na namba ya simu ya ndugu, hata kama ndege ni ya mizigo na abiria «ameombewa nafasi». Pia tutangazie ni ndege zipi zina kitoa ishara cha dharura cha masafa ya megahertz 406, kilichosajiliwa. Vile vya zamani vya 121.5 setilaiti ziliacha kuvisikiliza tangu Februari 2009; kuwa nacho kwenye mkia ni kama kubeba simu isiyo na laini. Na iwepo ofisi moja, yenye namba moja, ya kuwapigia familia kabla hazijasoma WhatsApp. Go-Pass, ile ada ya abiria uwanjani, tunailipa, sehemu yake inatosha mshahara wa mtu wa kukaa kwenye simu hiyo usiku.

Mjomba anarudi Kalemie mwezi ujao. Ningependa jibu kabla hajapanda mizani.

Msafiri wa Luano (uwanja wetu wa ndege),
Katuba, Lubumbashi

Nakala: Gavana wa Haut-Katanga, wabunge wa Lubumbashi